“Mtandao Ni Wetu”

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi katika kazi yangu ya ufundi wa kompyuta, nami nimeichukia kuliko hata ile ya “njoo kesho”. Sentensi yenyewe ni hii: “Hapa hapana shida, mtandao ni wetu wenyewe.” Huisema mkurugenzi, huisema mhasibu na, jambo la aibu zaidi, huisema fundi mwenzangu aliyesomea kazi hii akafaulu. Katika kurasa hizi nakusudia kuipiga vita sentensi hiyo, pamoja na ndugu yake ambayo kwangu ni mbaya zaidi kwa sababu imevaa joho la usalama: “Tumeshaweka usimbaji, tumemaliza.”

Nianze na nililoliona kwa macho yangu.

Mwaka 2017 nilikuwa nimeajiriwa na taasisi moja ya huduma za afya katika mji wetu. Sitaitaja jina. Ilikuwa na jengo kuu na vituo vitatu vidogo vya mitaani, na kumbukumbu zote za wagonjwa zilikaa mahali pamoja, katika seva iliyokuwa jengo kuu, ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL. Kila kituo kilikuwa na kompyuta mbili au tatu, moja kwa karani wa mapokezi na nyingine kwa wauguzi. Mgonjwa akifika, karani huandika jina lake, kompyuta humwuliza seva, na seva hujibu. Maswali na majibu hayo yalipita kwenye antena ndogo zilizofungwa juu ya mapaa, yakatoka kituoni hadi jengo kuu na kurudi, kutwa nzima, pasipo mtu kuyafikiria, kama vile hatufikirii maji yanavyopita katika bomba hadi siku yanapokatika.

Siku moja karani wa kituo cha mbali akalalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito. Nikaenda. Nikaingia kwenye ruta ya kituo, kile kisanduku kinachopitisha mawasiliano yote ya pale, nikafungua programu iitwayo tcpdump. Programu hiyo haina siri yoyote. Ilianza kuandikwa mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, hutolewa bure, na kazi yake ni kusikiliza yanayopita na kuyaonyesha. Nikaiambia isikilize lango 5432, ambalo PostgreSQL hulitumia kwa desturi. Nilichokuwa nakitafuta ni ucheleweshaji tu, nijue kama ubaya uko kwenye antena au kwenye seva.

Skrini ikajaa maneno. Nilitazamia kuona tarakimu na takataka za kimashine. Nikaona Kiswahili. Majina matatu matatu, umri, mtaa, tarehe ya kuja, aina ya kipimo, majibu. Yalipanda juu ya skrini mstari kwa mstari kama mtu anayesoma daftari kwa sauti sokoni. Katika mistari hiyo nikaona jina ninalolijua. Nililitambua kabla sijafika jina la ukoo. Alikuwa mama anayeuza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, ambaye nilipokuwa mwanafunzi aliwahi kunikopesha vitumbua kwa miezi miwili asinidai. Na mbele ya jina lake palikuwa na majibu ya kile kipimo ambacho kila Mtanzania anakijua hata kisipotajwa.

Ndugu msomaji, tafadhali zingatia jambo hili. Sikuvunja kufuli. Sikuiba neno la siri. Sikuwa na nia mbaya wala udadisi. Nilikuwa kijana wa ufundi niliyetumwa kutazama kwa nini kompyuta ni nzito, na kwa dakika tatu nikajua jambo ambalo yule mama huenda hakuwa amemwambia hata dada yake wa tumbo moja. Nikafunga programu. Lakini jicho likishaona haliwezi kurudisha.

Nilikwenda kwa mkurugenzi jioni ile ile.

“Mzee,” nikamwambia, “habari za wagonjwa zinapita wazi. Mtu yeyote aliye katikati anaweza kuzisoma.”

“Kwani katikati kuna nani?”

“Leo nilikuwa mimi.”

Akacheka, akanikaribisha kiti. “Wewe ni mwenzetu, kijana wangu. Mtandao ni wetu.”

Hebu tuitazame hiyo “wetu”. Neno la siri la ruta ile nilikuwa nalo mimi, na walikuwa nalo mafundi wanne walionitangulia, kwa kuwa halikupata kubadilishwa tangu ruta ilipofungwa. Wawili kati yao waliondoka kwa ugomvi. Kampuni iliyofunga antena ilikuwa na njia yake ya kuingia kutoka mbali. Kila mwaka tulipokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, vijana wazuri, ambao wiki ya kwanza tu huonyeshwa mahali pa kuchomeka waya. Wageni wa mikutano walichomeka kompyuta zao kwenye soketi za ukumbini. Na kompyuta yoyote mojawapo ya zile za wauguzi, ikishapata kirusi kutoka kwenye flashi ya mtu, ilikuwa imegeuka kuwa mgeni aliyelala ndani. Wazee wetu walikwisha kutuambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tukajenga ukuta kuzunguka nguo.

Tena wasidhani wakubwa wa dunia hawakuteleza hapo. Oktoba 2013 gazeti la Washington Post, likitumia nyaraka alizozitoa Edward Snowden, lilieleza jinsi mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza yalivyokuwa yakinywa data kutoka kwenye nyaya zinazounganisha majengo ya kompyuta ya Google na ya Yahoo. Miongoni mwa karatasi hizo ulikuwamo mchoro uliochorwa kwa mkono. Upande mmoja intaneti ya watu wote, upande wa pili mtandao wa ndani wa Google, na katikati mshale ukionyesha kwamba hapa ndipo usimbaji unapoondolewa, na pembeni mchoraji akatia kijiso kinachotabasamu. Mteja aliyekuwa Tanga au Toronto alifunga barua yake vizuri hadi mlangoni kwa Google. Ikishaingia ndani ikafunguliwa, ikatembea uchi kutoka jengo hadi jengo, kwa sababu huko ndani mtandao ni “wetu”. Mwaka huo huo Google waliharakisha kusimba nyaya zao za ndani. Kijiso kile kilichotabasamu nimekikumbuka mara nyingi. Ni tabasamu la mtu anayejua kwamba wewe umeridhika.

Basi mkurugenzi, baada ya kusumbuliwa wiki mbili, aliniruhusu “kuweka hiyo kitu”. Na hapa ndipo ninapofika kwa yule adui wa pili, ambaye huvaa joho.

Kusimba ni kuyageuza maneno kuwa fumbo ambalo mwenye ufunguo peke yake ndiye anayeweza kulifumbua. Njia inayotumika baina ya kompyuta na seva za hifadhidata ni ile ile inayotumika katika kurasa za benki na za barua, iliyoanza kwa jina la SSL kwa kazi ya kampuni ya Netscape katikati ya miaka ya 1990, ikabadilishwa jina kuwa TLS mwaka 1999, na toleo lake la 1.3 likatoka mwaka 2018. Ni kazi nzuri, imepigwa msasa na watu wenye akili kuliko zangu. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jinsi inavyofungwa.

Kwa PostgreSQL mazungumzo huanza hivi. Kompyuta mteja hupiga hodi na kuuliza: je, unaweza kuzungumza kwa fumbo? Seva hujibu kwa herufi moja tu. S, naweza. N, siwezi. Herufi hiyo yenyewe husafiri wazi, kwa kuwa fumbo halijaanza bado. Sasa, mteja akijibiwa N afanye nini? Hilo hutegemea mpangilio uitwao sslmode, na usipouandika, programu huchukua neno prefer, yaani “napendelea”. Mteja anapendelea fumbo, lakini akiambiwa hapana, husema haya, na kuendelea wazi wazi, bila kelele, bila onyo, bila hata mstari mmoja wa kumwambia karani kwamba leo mambo yamebadilika. Mtu aliye katikati hahitaji kuvunja hesabu yoyote. Anahitaji kusema N. Herufi moja! Waandishi wa mwongozo wa PostgreSQL wenyewe wamekiri humo kwamba chaguo hili halina maana kwa upande wa usalama, na kwamba limebaki kuwa la kawaida kwa ajili tu ya kupatana na mambo ya zamani. Nawaheshimu kwa kusema kweli. Lakini ukweli uliowekwa katika mwongozo, na uongo ukawekwa katika mpangilio wa kawaida, mnadhani watu wangapi watakutana na upi?

Wenzao wa MySQL nao walipita njia hiyo. Mwaka 2015 lilitangazwa kosa lililopewa jina la BACKRONYM: kwa miaka mingi mtumiaji aliyeandika kwa mkono wake kwamba anataka SSL, programu ya mteja ilimwelewa kuwa anaiomba kama inawezekana. Mtu alisema “nataka”, mashine ikasikia “ningependa”. Wakarekebisha, wakaongeza maneno ya kulazimisha. Lakini hata baada ya hapo, mtu asipoandika lolote, neno la kawaida limebaki kuwa lile la kupendelea.

Wapo watakaosema, basi weka require, yaani “nalazimisha”, yaishe. Mimi pia nilisema hivyo. Niliiandika seva iwashe SSL, nikabadilisha mistari ya faili la ruhusa ili isipokee mteja asiyesimba, nikaweka require kwenye kompyuta zote, nikarudi kwenye ruta na tcpdump yangu, na nikaona takataka tupu. Hakuna jina, hakuna mtaa. Nilifurahi, nikamwandikia mkurugenzi kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa mwongo bila kujua.

Kwa maana require hulazimisha fumbo tu. Haimwulizi mwenziwe: wewe ni nani? Seva huonyesha cheti, na mteja hukipokea kama mlinzi wa zamu ya usiku anayetazama kitambulisho bila kukiwasha tochi. Kiwe cha seva yetu, kiwe kimetengenezwa dakika tano zilizopita na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwake ni kimoja. Na kujiingiza katikati si uchawi. Ndani ya mtandao wa jengo, kompyuta hutafutana kwa itifaki ya ARP ya mwaka 1982: moja hupaza sauti, “Nani mwenye anwani hii?”, na yeyote atakayejibu “ni mimi” huaminiwa. Haikuwekwa njia ya kumhakiki. Mtu wa kati hujibu “ni mimi”, humpa mteja cheti chake cha bandia, huzungumza naye kwa fumbo safi kabisa, husoma kila kitu, kisha huipelekea seva ya kweli kwa fumbo jingine safi kabisa. Pande zote mbili zimesimba. Pande zote mbili zimeridhika. Na yule mama wa vitumbua anasomwa vile vile.

Hii ndiyo sababu nasema kusimba bila kuhakiki ni kubaya kuliko kutosimba, na wenzangu wanaponiambia natia chumvi, najibu kwamba sitii. Anayejua kwamba njia yake ni wazi atapunguza maneno njiani. Anayeamini kwamba amefungiwa mlango atavua nguo.

Uhakiki upo. PostgreSQL imeuweka tangu mwaka 2009, unaitwa verify-full. Mteja hupewa mapema nakala ya cheti cha mtoa vyeti mnayemwamini, ambaye katika taasisi ndogo anaweza kuwa ninyi wenyewe. Kisha seva ikionyesha cheti chake, mteja hutazama mambo mawili: je, kimetiwa sahihi na huyo tunayemwamini? Na je, jina lililomo ndilo jina nililokuwa nimelipigia hodi? Moja likikosa, hukata mazungumzo. Haya si mambo ya wataalamu wa anga. Nilitengeneza ufunguo wa mtoa vyeti kwenye kompyuta isiyochomekwa popote, nikauweka kwenye flashi, na flashi ikafungiwa kabatini kwa mtunza hazina. Nikatengeneza cheti cha seva chenye jina la seva. Ufunguo wa siri wa seva nikaufungia ruhusa ili mwenyewe tu ausome. Usipofanya hivyo PostgreSQL hukataa katakata kuwaka, na hapo niliwapenda waandishi wake, kwani walijua kukataa ni nini. Cheti cha mtoa vyeti nikakigawa kwenye kila kompyuta. Hicho si siri, unaweza hata kukibandika ukutani.

Kazi ilikuwa jina. Programu zetu zote zilikuwa zikiipigia seva hodi kwa tarakimu za anwani, si kwa jina, maana fundi wa kwanza aliona ni mkato. Cheti kina jina, mteja anaita tarakimu, havipatani, mteja anagoma. Wiki nzima nilizunguka vituo vitatu nikiandika jina mahali palipokuwa na tarakimu. Na katika wiki hiyo ndipo nilipojua kwa nini ulimwengu mzima unaishia kwenye require. Uhakiki unagoma, na mtu aliye mbele ya kitu kinachogoma hutafuta swichi ya kukinyamazisha.

Na swichi hizo zimetengenezwa kwa wingi! Waandishi wa programu za Node wanayo moja inayoitwa rejectUnauthorized, na ukiandika kwamba ni “siyo”, maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni: usimkatae asiyethibitishwa. Nimeiona imeandikwa hivyo, kwa mkono wa mtu mzima, ndani ya programu za fedha. Microsoft, mwaka 2022, walifanya jambo jema: kiunganishi chao cha ODBC toleo la 18 kwa ajili ya SQL Server kikaanza kusimba na kuhakiki bila kuombwa. Watu walipoona miunganisho yao imegoma, wakaambizana dawa: ongeza TrustServerCertificate, yaani “kiamini cheti chochote cha seva”. Dawa ikasambaa kuliko sababu ya ugonjwa. Wanaosema wenye programu hawawezi kufanya zaidi ya hapo, nawaelekeza kwa MariaDB, ambao katika toleo la 11.4 la mwaka 2024 wamemfanya mteja kuhakiki seva kwa kawaida, na wakatafuta njia ya kulifanya hilo bila kumtwisha mwenye seva ndogo mzigo wa vyeti. Imewezekana. Basi haikuwa kwamba haiwezekani.

Kuna neno jingine ambalo mafundi wengi hawalitii maanani, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Seva haiwezi kujua kama mteja ameihakiki. PostgreSQL ina orodha iitwayo pg_stat_ssl, ambamo msimamizi huona kila muunganisho na kama umesimbwa, kwa toleo gani na kwa namna gani. Nimeona mafundi wakiwaonyesha wakaguzi orodha hiyo kwa fahari: tazama, yote ndiyo, ndiyo, ndiyo. Lakini yule anayehakiki kwa makini na yule anayepokea cheti chochote, katika orodha hiyo wote huandikwa ndiyo. Tofauti iko mezani kwa karani, katika faili dogo kwenye kompyuta ya kituo cha mbali, na mtu pekee anayeweza kuiona ni yule atakayepanda daladala akaenda kuitazama. Hakuna mkurugenzi anayelipia nauli ya jambo lisiloonekana kwenye orodha.

Kuhusu wale wanaosema usimbaji unapunguza kasi, nitakuwa mfupi. Vichakato vya Intel vimekuwa na amri zake maalumu za kusimba tangu mwaka 2010. Uzito wa kompyuta ya karani yule ulitoka kwenye tawi la mwembe lililokuwa limeinamia antena.

Na wanaongoja sheria, sheria zimekuja. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na sisi Tanzania tulitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zinamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Ni jambo jema. Nimekwisha kuona jinsi linavyotekelezwa katika ofisi nyingi: sera ya kurasa arobaini imechapwa, imetiwa mhuri, na ndani ya kompyuta limeandikwa prefer.

Sasa nina deni la kueleza kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwachapa wengine na kujificha.

Cheti cha seva nilikipa umri wa siku 365. Sikuandika popote siku kitakapokufa. Si kwenye kalenda ya ukutani, si kwenye daftari la zamu. Mwaka uliofuata, asubuhi ya Jumatatu, kompyuta za vituo vyote vitatu zikagoma kwa wakati mmoja. Mteja alikuwa akifanya sawasawa nilivyomwagiza: cheti kimekwisha muda, sizungumzi. Kufika saa mbili na nusu mabenchi yalikuwa yamejaa. Kina mama na watoto migongoni, wazee waliotoka mbali kwa ajili ya dawa za mwezi, na karani anasema mtandao hakuna. Kutengeneza cheti kipya ni kazi ya robo saa. Lakini ufunguo wa mtoa vyeti ulikuwa kwenye flashi, flashi ilikuwa kabatini, na mtunza hazina alikuwa msibani Mbeya na ufunguo wa kabati mfukoni.

Mkurugenzi alinipigia simu. Safari hii hakuniita kijana wangu. “Ondoa hiyo kitu yako watu watibiwe.”

Nilikuwa na la kumjibu? Mgonjwa aliye kwenye benchi ana haki ya kutibiwa kabla hajawa na haki ya kusimbiwa jina. Nikazunguka vituo vitatu kwa bodaboda nikiandika require mahali palipokuwa na verify-full. Saa tano kasoro kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. “Ni kwa muda tu,” niliwaambia makarani, na wala hawakujua nazungumzia nini.

Mtunza hazina alirudi Alhamisi. Cheti kipya nikakitengeneza siku hiyo hiyo, nikakipa miaka miwili, nikaandika tarehe kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya mapokezi. Kisha nikaomba ruhusa na nauli ya kurudisha uhakiki kwenye vituo. Mkurugenzi akaniuliza kama kuna kitu kimeharibika. Nikasema hapana. “Kinafanya kazi, unakigusia nini?” Na orodha ya seva ilimwunga mkono: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Nilirudisha kwa nauli yangu, siku za Jumamosi, kituo kimoja kimoja. Ilinichukua karibu miezi minne kwa sababu Jumamosi nyingine kituo kilikuwa kimefungwa, na nyingine nilikuwa na uvivu, nisijisingizie. Kwa miezi hiyo minne taasisi ilikuwa na usimbaji kamili kwa kila mkaguzi ambaye angekuja kuuliza. Niliondoka pale mwaka 2019. Aliyechukua nafasi yangu nilimkabidhi daftari, ufunguo wa pili wa kabati, na nikamwonyesha ile tarehe ya wino mwekundu.

Yule mama bado yuko kwenye kona. Ameongeza chapati na chai ya tangawizi, ameweka na meza ndogo yenye viti viwili. Hupita kwake asubuhi nyingi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo, huli?”

Humjibu kwamba nakula, nakaa, naagiza vitumbua vinne. Yeye hunisimulia habari za mtaa mzima, nani kaoa na nani kahama, na mimi hutazama ndani ya kikombe cha chai hadi amalize.